Guta la Injini au Pikipiki: Chombo Kipi Kinafaa Kazi za Shambani?

Kwa misimu mitano nimekuwa nikihudumia shamba la ekari tisa wilayani Muheza, lenye michungwa upande wa juu na mihogo na migomba bondeni, na katika muda huo nimetumia vyombo viwili: kwanza pikipiki aina ya Boxer ya cc 150, kisha guta la injini la magurudumu matatu, lile ambalo wengi huliita Toyo hata kama limetengenezwa na kampuni nyingine. Wenye mashamba wanaoniomba ushauri kabla ya kununua huniuliza guta linabeba kilo ngapi. Mimi huwauliza kwanza njia za shamba lao zikoje.

Pikipiki hupita mahali ambapo mtu mwenye mzigo kichwani angepita: katikati ya mistari ya michungwa, ukingoni mwa mtaro, hata juu ya daraja la magogo ambalo sisi wenyewe tulilitandika. Keria yake huchukua mifuko miwili ya mbolea ya kilo 50, au madumu manne ya maji ya lita 20, mradi mzigo ufungwe vizuri kwa mipira. Ukizidisha hapo na kupanda mlima, gurudumu la mbele huanza kuwa jepesi na usukani hauitikii. Kwa kukagua shamba, kupeleka bomba la kunyunyizia dawa au kwenda mjini kufuata kipuri, sijaona chombo cha kuishinda. Cheni na spoketi zake hubadilishwa na fundi yeyote mwenye spana chini ya mwembe. Udhaifu wake huonekana wakati wa mavuno, machungwa yanapotakiwa kufika barabarani kabla lori la mnunuzi halijaondoka. Siku moja tulikwenda na kurudi mara kumi na saba, na matenga mengine bado yalilala shambani.

Siku hiyo ndiyo iliyonifanya ninunue guta. Injini yake hupeleka nguvu kwa shafti hadi kwenye difu ya ekseli ya nyuma, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma, lina gia ya kurudi nyuma, na bodi lake huinuliwa ili samadi au mchanga umwagike bila koleo. Muuzaji aliniambia, bila kupepesa macho, kwamba hubeba tani moja. Mimi sivuki kilo 400, na kwenye mwinuko napunguza zaidi. Nimejifunza pia kwamba pipa la maji lisilojaa ni mzigo mbaya kuliko mifuko ya uzito uleule, kwa sababu maji huchezacheza na kuvuta chombo upande kila kinapokata kona.

Tatizo kubwa la guta ni njia. Barabara yetu ya shamba imechimbwa na malori, kwa hiyo ina mifereji miwili na tuta katikati, na magurudumu ya guta hayalingani na mifereji hiyo: moja la nyuma hushuka, la pili hubaki juu ya tuta, na la mbele hutafuta njia yake lenyewe. Wakati wa masika, udongo wetu mwekundu unapoteleza, difu hupeleka nguvu kwenye gurudumu lililopoteza mshiko, nalo huzunguka bure huku lenzake likiwa limetulia kama halihusiki. Tumelisukuma mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Lipo pia suala la kupinduka. Pikipiki hulazwa kwenye kona, guta halilaliki, na likiwa na mzigo mrefu kwenye mteremko wa pembeni huinua gurudumu moja bila kutoa onyo. Jambo hili si la guta peke yake: nchini Australia, ambako wakulima hutumia sana pikipiki za magurudumu manne, tangu Oktoba 2021 zile mpya za kazi haziruhusiwi kuuzwa bila kinga ya kumlinda dereva chombo kinapopinduka. Guta langu halina kinga yoyote, hivyo nimekataza mtu kupanda juu ya matenga, hata yule kibarua anayedai kwamba anayashikilia yasidondoke.

Anayeamua kulinunua asitoke nalo dukani moja kwa moja kwenda kubeba mzigo. Langu lilikuwa limeunganishwa haraka haraka na boliti za bodi zikalegea ndani ya wiki ya kwanza. Tangu hapo namshauri kila mnunuzi alipe fundi siku nzima ya kukaza kila kitu, kutia grisi kwenye shafti na kukagua rejeta ya kupozea injini, ambayo matope huiziba upesi.

Kwa shamba la chini ya ekari tano lenye vijia vyembamba, ningenunua pikipiki na kukodi guta siku za mavuno tu. Kwa shamba kama langu nimebaki na vyote viwili, lakini guta lilianza kunilipa baada ya kuwalipa vijana wafukie mifereji ile kwa changarawe, gharama ambayo sikuwa nimeiweka kwenye hesabu nilipokuwa nalipia chombo.