Uzoefu wangu na mkataba wa kuhudumia mashine za oksijeni kwenye nyumba ya wazee, Mbezi

Nasimamia zamu ya mchana kwenye nyumba ya kulelea wazee huku Mbezi. Baadhi ya wazee wetu wanatumia mashine za oksijeni za lita 5 kwa dakika, zile zinazovuta hewa ya chumbani, zinachuja naitrojeni na kumpa mgonjwa oksijeni kwa mrija wa puani. Mwaka huu tulibadilisha kampuni inayozihudumia, na hii mpya naisifia kwa jambo moja kubwa: inapima.

Fundi wa zamani alikuwa anafungua kava, anapuliza vumbi, anafuta mashine mpaka inang'aa, anakata risiti. Huyu wa sasa, kabla hajagusa bisibisi, aliwasha mashine, akaiacha mpaka itulie, kisha akaunganisha kifaa cha kupima kiwango cha oksijeni pale inapotokea. Mashine ya bibi mmoja ilisoma asilimia 68. Ilikuwa inaunguruma vizuri na hewa inatoka kwa nguvu, huwezi kuishuku. Mashine isiyo na hitilafu hutoa kama asilimia 90 hadi 96, na Shirika la Afya Duniani linataka isishuke chini ya 82. Kumbe kipindi chote kile kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damuni kinashuka na daktari anaongeza lita, sisi tukidhani mapafu ya bibi ndiyo yanakwisha, shida ilikuwa kwenye mashine. Iliniuma sana, na bado nina hasira na zile risiti.

Chanzo ni unyevu. Ndani ya mashine mna punje za zeolaiti zinazonasa naitrojeni, lakini punje hizo hunasa maji kwa urahisi zaidi, na zikishalowa hazifanyi tena kazi yake. Kwa joto la Dar na mvua za masika, mashine iliyofungiwa stoo muda mrefu inaharibika ikiwa imekaa tu. Siku hizi ile ya akiba tunaiwasha mara kwa mara, na zote tumezisogeza mbali na ukuta na mapazia zipate hewa.

Kilichonifurahisha zaidi, fundi alikaa na wahudumu wetu akawafundisha bila haraka. Sponji ya kuchuja vumbi ioshwe kila wiki kwa maji ya vuguvugu na sabuni, na isirudishwe mpaka ikauke kabisa. Chupa ya kulainishia hewa iwekwe maji yaliyotoneshwa, yabadilishwe kila siku. Maji ya kisima hapana, maana visima vingi vya huku ni vya chumvi. Mafuta ya mgando yasipakwe puani hata kama pua imekauka, kwa sababu mafuta na oksijeni huwaka upesi. Hilo la moto ndilo gumu kwetu. Ndugu wanapokuja kuwaona wazee wao wanapenda kufukiza udi au ubani chumbani, na kumkataza mtu mzima jambo la heshima kama hilo kunahitaji maneno mazuri. Fundi aliongea nao mwenyewe, akawaomba wafukizie barazani kabla ya kuingia. Wakamwelewa.

Umeme nao waliushughulikia. Mashine zetu ni za volti 230, kila moja sasa ina stabilaiza yake, na ekstensheni zimeondolewa. Kwa siku za umeme kukatika walikagua mitungi yetu na kubandika ukutani jedwali la kuonyesha mtungi utadumu muda gani: wenye lita 680, kwa mgonjwa wa lita 2 kwa dakika, unadumu kama saa tano na dakika 40. Mhudumu wa usiku anasoma geji na kujua kama mtungi utafika alfajiri.

Kasoro zipo. Mirija ya puani wanaiuza ghali kuliko maduka ya vifaa tiba ya Kariakoo, kwa hiyo hiyo tunanunua wenyewe. La pili ni zito zaidi: Jumapili simu yao haipokelewi, wakati mgonjwa wa oksijeni hana Jumapili. Mkataba ukiisha nitashauri tuendelee nao, ila namba ya dharura ya mwisho wa wiki iandikwe ndani ya mkataba kabla hatujasaini, na kiwango cha oksijeni kiandikwe kwenye kila risiti.