TAHADHARI: Kisanduku cha "kubadili umeme" kinachouzwa pamoja na kompresa za mtumba Gerezani

Ndugu zangu mafundi, na hasa ninyi mnaofanyia kazi nyumbani kwa umeme wa njia moja (ule wa kawaida wa waya mbili), naomba msome hadi mwisho kabla hamjatoa hela kwa ajili ya kompresa yenye mota ya njia tatu, yaani inayohitaji nyaya tatu zenye umeme. Yuko mfanyabiashara wa mashine zilizotumika, eneo la Gerezani hapa Dar es Salaam, anayeuza kompresa hizo pamoja na kisanduku cha bati ambacho anadai kinageuza umeme wa nyumbani wa volti 230 kuwa umeme wa njia tatu. Kisanduku hicho hakigeuzi chochote. Nimekifungua mwenyewe, nimeona kilichomo, na hasira niliyonayo ninapoandika haya bado haijapungua.

Nilihitaji kompresa kubwa kwa sababu ile ndogo niliyokuwa nayo ilikuwa ikiishiwa hewa katikati ya kupulizia rangi milango ya mteja wangu wa Mbagala. Nguzo za mtaani kwetu zinapitisha waya mbili tu, kwa hiyo kuomba njia tatu TANESCO, shirika la umeme, kungemaanisha kusubiri laini nyingine ivutwe. Mota za njia tatu zilizotumika zinapatikana kwa wingi, na ni imara kwa kuwa hazitegemei kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme kidogo) wala swichi ya ndani ya kuwashia. Kuendesha mota ya namna hiyo kwa inveta, kifaa cha elektroniki kinachogeuza umeme wa njia moja kuwa wa njia tatu, ni jambo la kawaida, na karakana nyingi zinafanya hivyo kila siku. Nilichokitafuta kipo, na kikiwa halisi kinafanya kazi vizuri. Mtu huyu aliupata mwanya wake hapo.

Alinipokea kwa heshima, akanivutia kiti. Kompresa ilikuwa juu ya chaga la mbao: tenki la lita 200, hedi ya pistoni mbili, mota ya kilowati 2.2. Kabla sijaomba lolote, alifungua hedi akanionyesha vali safi, akachovya kijiti kwenye oili akanipa niinuse kama imeungua. Kisha akachomeka plagi ya kawaida kwenye soketi ya ukutani mbele ya macho yangu. Kisanduku kikawasha namba nyekundu, 50.0, naye akanieleza kwamba hizo ndizo hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, zinazokwenda kwenye mota. Akabonyeza kitufe cha kijani. Mota ikaondoka bila kusita, mkanda ukazunguka umenyooka, mshale wa geji ukapanda hadi bar 8, swichi ya presha ikakata na ule mlio mfupi wa kuachia hewa ukasikika. Akafungua koki, presha ikashuka, na mashine ikajiwasha tena huku tenki likiwa bado na hewa. Anayezijua kompresa anaelewa kwamba mota dhaifu hukwama hapo hapo, na ile haikukwama. Nilimuuliza kuhusu kebo nyeusi nene iliyopita chini ya chaga; akajibu, "Hiyo ya taa za stoo, kaka," na kijana wake akasogea akasimama juu yake. Niliponyoosha mkono kwenye swichi ya kuzungusha inayodaiwa kupandisha kasi, alinizuia kwa upole, akasema isiguswe mpaka mota izoee.

Nataka ieleweke kwamba sikutoa fedha kwa maneno matupu. Nilitaka kuona mashine ikiwaka, nikaiona. Nilitaka kuona ikijaza tenki na kujiwasha yenyewe, nikaona. Alimtaja kwa jina mzee mmoja wa Tabata ninayemfahamu, akaeleza kazi alizomfanyia mzee huyo kwa undani ambao mgeni asingeujua. Hakunikimbiza, na aliniambia nikafikirie kwanza nirudi siku nyingine. Akaniandikia na dhamana ya miezi sita. Nikalipa shilingi 1,850,000, zikiwamo malipo ya awali ya yule mteja.

Nyumbani mota haikuzunguka. Ilivuma, mkanda ukatetemeka, taa za ndani zikafifia. Kijana wangu alipousaidia mkanda kwa mkono ilizunguka kwa ulegevu, na geji ilipofika karibu na bar 2 ikasimama, ikaendelea kuvuma, kisha ikatoka harufu ya vanishi inayoungua, na breka ikakata. Mteja alikuwa amesimama pale mlangoni akitazama, pamoja na mama watoto na majirani wawili, na jinsi nilivyojisikia sitaki kuieleza. Umbali wa hatua chache yalikuwapo madebe ya rangi na thina. Cheche moja ingetosha kuunguza karakana na nyumba.

Ndani ya kisanduku mlikuwa na kapasita mbili na rilei moja (swichi inayoendeshwa na umeme). Zile namba nyekundu zilikuwa kipimo kidogo cha hezi kinachosoma umeme wa ukutani, ambao nchini kwetu ni wa hezi 50, kwa hiyo kingeonyesha 50.0 au karibu yake hata kama hakuna mota iliyofungwa. Swichi ya kasi haikuwa imeunganishwa na waya wowote. Fundi umeme mmoja ninayemwamini alikwenda dukani akijifanya mnunuzi, akakuta soketi ile inawasha kisanduku tu, na ile kebo "ya taa za stoo" inatoka kwenye breka ya njia tatu kupeleka volti 400 kwenye mota. Nilipokwenda kudai changu, mtu aliyeniita kaka aliniuliza mimi ni nani, kisha akanionyesha kibao kinachosema mali ikishauzwa hairudishwi.

Kapasita zinaweza kuisukuma mota ndogo isiyo na mzigo, lakini pistoni inayokandamiza hewa inahitaji nguvu kubwa tangu mzunguko wa kwanza. Isitoshe, mota yenyewe ilikuwa imefungwa nyota ndani (koili zake tatu zimeunganishwa kwenye kitovu kimoja) kwa volti 400, ikitoa nyaya tatu tu. Ukiipa volti 230, hata kama ni za njia tatu kamili, nguvu yake ya kuzungusha inashuka hadi theluthi moja. Inveta nyingi za njia moja hutoa volti 230 za njia tatu, haziwezi kuzidisha hapo; kwa hiyo fungueni kisanduku cha nyaya cha mota, mhakikishe ncha ni sita na kibati cha maelezo ya mota kimeandikwa 230/400 ili iweze kufungwa pembetatu, mtindo unaofaa kwa volti 230. Inveta halisi ina sehemu za kuunganishia zilizoandikwa U, V na W, na swichi ya presha hufungwa kwenye nyaya zake za kuamrisha, haiwekwi kati ya inveta na mota. Tazameni pia kama ribiti za kibati ni mpya kuliko mota, kwani huenda kibati kimebadilishwa. Nendeni na fundi mwenye kipimo, na mtake mashine ijaribiwe mahali penye njia moja tu. Akikataa, ondokeni.

Risiti yake ni ya mkono, kwa madai kwamba mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, ilikuwa haina mtandao. Mtu huyu anastahili kufungwa. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa; kibao cha ukutani hakiwezi kuifuta sheria. Duka lifungwe, visanduku vyote vikamatwe, na kijana aliyesimama juu ya kebo naye ahojiwe, kwa sababu alijua anachokifanya. Nimekwisha kufungua jalada polisi na malalamiko yangu yako Tume ya Ushindani.

Ninajua siko peke yangu, kwa maana ile kebo haikutandikwa kwa ajili yangu tu. Aliyeuziwa kisanduku kama hicho asikitupe wala asikirekebishe. Akitunze jinsi kilivyo, pamoja na ujumbe wa simu na muamala wa malipo, anitafute twende tukaandikishe maelezo pamoja. Aliye na risiti ya mkono naye aje nayo, hata kama haina jina la duka.