Mchele wa mzee wa Ngamiani, na hitma iliyogeuka bokoboko

Nianze na aibu yangu kwanza ndo mtaelewa kwa nini mtu mzima nakaa kuandika habari ya duka la mchele. Mwezi wa 7 nilikuwa na hitma ya marehemu bibi, watu kama sitini hivi, nikaenda duka moja (silitaji) nikabeba kilo 12, kiroba kimeandikwa SUPER KYELA GREDI 1 kwa herufi kubwa za kijani. Nikauosha, maji nikapima yale yale ya miaka yote, tui la pili likatangulia, kasimile mwishoni, nikapalia makaa nikaenda zangu kusaidia kukuna nazi ya mchuzi. Kuja kufunua, jamani! Mwiko unasimama wenyewe. Huku umeshikana kama ugali, huku ukitafuna unakuta kiini kibichi, sufuria moja hiyo hiyo. Shangazi akachungulia, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, hili bokoboko mbona nyama yake siioni?" Na nyie mnawajua shangazi wa Tanga, neno kama hilo litasemwa mpaka kwenye hitma yangu mie.

Nilijua ni mkono wangu umepotea. Wiki nzima sikupika wali.

Jirani yangu muuza vitumbua ndo akanipeleka kwa huyu mzee, Ngamiani huko barabara za katikati, duka halina hata kibao, limebanwa na fundi cherehani upande huu na muuza kanga upande ule. Ndani viroba kama tisa viko wazi, na kila kimoja kimechomekwa kipande cha boksi kina maneno mawili matatu: mbegu, shamba, na pengine lini ulivunwa. "Supa, Kyela, wa 6." "Supa, Mbarali, mwaka jana." "SARO, Mombo." Gredi 1 hakuna wala nembo ya simba haipo. Hapo hapo moyo ukatulia.

Nilikuwa nimebeba mabaki ya ule mchele wa hitma kwenye mfuko wa nailoni. Nikamwambia shikamoo ami, huu una nini? Akamwaga kidogo juu ya kioo, akawasha tochi ya simu akaipitisha chini yake. Kwa macho ya kawaida ulikuwa mchele tu, ila na mwanga ukitokea chini ukaona punje nyingi zina nyufa nyembamba kama kucha iliyopasuka, na nyingine zina doa jeupe tumboni kama chaki. Akatenga kwa kidole, ndefu huku, fupi nene huku, akapata mafungu matatu. "Binti, hapa pana mbegu tatu umezichemsha pamoja. Moja inaiva upesi, moja inachelewa, sasa wewe utafanyaje?" Na juu ya hapo mpya, akatafuna punje akasema bado laini, huu haujamaliza hata mwezi tangu umekobolewa.

Mwanawe anasoma kilimo Sokoine pale Morogoro, alikuwepo likizo, ndo akanifafanulia kwa lugha yangu. Wanga wa mchele una aina mbili, amilosi na amilopektini. Amilosi ikiwa nyingi, zaidi ya asilimia 25, wali unachambuka punje kwa punje lakini ukipoa unakuwa mgumu. Ikiwa chini ya 20 wali unakuwa laini na unashikana, na ile michele ya Kichina na Kijapani ya kunata kabisa inakuwa karibu haina amilosi. Katikati hapo ndo wali wetu tunaoupenda, umechambuka na bado mlaini jioni. Sasa kiasi hicho kinapangwa na jeni (jeni jamani, sio jini, msije mkakimbilia mganga) kwa hiyo mbegu ikishakuwa ya kunata, hata upunguze maji vipi itanata tu. Mie miaka yote hiyo nilidhani wali ni maji na moto!

Harufu nayo ni hivyo hivyo. Mchele unaonukia una jeni moja iliyoharibika, yani kazi yake imekufa, na kwa kufa kwake ndo kitu kile chenye harufu kinajikusanya kwenye punje. Kijana akasema kitu hicho hicho ndo kiko kwenye bisi na kwenye ganda la mkate ukitoka tanurini, nikanusa kiroba cha Kyela tena, na kweli, bisi! Siwezi tena kunusa mchele bila kufikiria bisi, kaniharibia.

Lakini mbegu sio yote na hapa ndo mzee alipochukua maneno. Mbegu ile ile ya Supa ukiipeleka bonde jingine inakuja tofauti. Usiku ukiwa wa joto wakati punje inajaa, wanga haujipangi vizuri, unaacha vinafasi, ndo lile doa la chaki, na punje ya chaki ikifika mashineni inavunjika. Mpunga ukikosa maji kidogo kuelekea kuiva harufu inazidi, ila mavuno yanapungua, ndo maana mkulima hakubali. Mbolea ya chumvichumvi ikizidi, protini inapanda na wali unakuwa mkavu unaomba maji. Halafu kuna wale wanaoanika mpunga barabarani kwenye lami saa saba mchana, unakauka kwa pupa, usiku unanyonya umande, punje inapasuka ndani kwa ndani. Punje yenye ufa ukiipika inafumuka, wanga wote unamwagika kwenye maji. Bokoboko langu lilianzia kwenye lami ya watu, mie nimelaumiwa bure.

Basi nikanunua kilo moja moja za aina tatu nikapika siku moja, sufuria tatu, kikombe kile kile cha kupimia, bila nazi ili nisidanganywe na tui.

Kyela mpya: harufu ilifika kwa jirani, sisemi uongo, mtoto wake alikuja kuuliza tunapika nini. Lakini vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele vilikuwa vingi mno, ukashikana. Siku ya pili nikatia kimoja na nusu ukatulia. Mchele mpya ndivyo ulivyo, unataka maji machache na moto wa kiungwana.

Supa ya Mbarali ya mwaka jana: harufu imepungua, lazima niseme, ipo lakini kwa mbali. Ila umechambuka huo! Umekunywa vikombe viwili na bado umejaa sufuria, umevimba kuliko ule mwingine, na asubuhi kiporo chake nimekunywea chai bado laini. Nilipomwambia mzee natamani harufu ya ule na mchambuko wa huu akacheka sana, akasema hilo watu wote wanalitaka, mchele ukikaa stoo unakauka na kukomaa ndo unachambuka, na humo humo kukaa ndo harufu inatoroka. Wahindi wenyewe basmati wanailaza mwaka na zaidi kabla ya kuuza.

SARO ya Mombo, hii ya kwetu kwetu mkoa wa Tanga kwa maji ya mfereji: nilikuwa naidharau. Mbegu ya watafiti wa hapa hapa nchini, wanaiita TXD 306, harufu ni nusu tu na jina lenyewe linasema hivyo (SARO ni kifupi cha semi-aromatic, yani inanukia nusu), lakini inazaa kuliko Supa ndo maana wakulima wanaipenda na bei yake iko chini. Kwa pilau ambayo bizari na iliki zinafunika kila kitu, sioni sababu ya kulipia Kyela. Wa kwangu ulikuwa na mawe mawili, moja nimelipata kwa jino.

Sasa malalamiko maana sio kila kitu sukari. Mzee ni mghali, kila kilo anazidi soko kwa 300 au 400. Lipa namba hana, anataka noti, na ukimpa ya elfu kumi anakutuma kwa fundi cherehani ukachenji. Adhuhuri anafunga anaenda kuswali, anarudi anapojisikia, mie nimewahi kukaa kwenye baraza ya duka mpaka karibu na alasiri. Na yule kijana mwingine anayemsaidia kupima nilimuona kwa macho yangu anatia chombo kwenye kiroba cha SARO kisha hicho hicho kwenye Kyela, nikamwambia mdogo wangu usianze na wewe. Mzee alisikia, akamgombeza mpaka nikajuta kusema.

Na kitu kimoja cha kumsifu, chenga hazichanganyi. Anazipepeta pembeni, anauza kwa bei ya chini kwa wapika vitumbua na mkate wa kumimina, kwa sababu mchele wa kulowekwa na kusagwa kuvunjika kwake kuna hasara gani. Jirani yangu hachukui kitu kingine, na vitumbua vyake mnavijua wenyewe.

Mkienda nendeni asubuhi, kabla ya saa nne, na mseme kabisa mnapika nini na kwa watu wangapi maana atauliza tu. Ijumaa ya mwisho wa mwezi kuna maulidi kwa dada yangu Makorora, nimeshaweka oda kilo 15 za Mbarali na 3 za Kyela za kuchanganya juu juu kwa ajili ya harufu, mzee kanikataza, kasema ndo yale yale ya mbegu mbili sufuria moja. Kwa hiyo nitazipika mbali mbali. Shangazi amealikwa.