Pete za feraiti kwa ndege za rimoti: ya kununua na ya kuacha

Pete mbili nyeusi za feraiti (kauri ya oksidi ya chuma ambayo waya hupitishwa ndani yake) za ukubwa mmoja zinaweza kulala pamoja kwenye kisanduku cha muuzaji, moja ikizuia kelele ya redio na nyingine isifanye lolote, na kwa macho hutazitofautisha. Kinachozitenga ni mchanganyiko wa madini uliomo ndani, ambao watengenezaji huupa namba. Uliza namba kwanza, ukubwa baadaye.

Kwa ndege za rimoti namba ya kutafuta ni 43. Hufanya kazi vizuri kati ya MHz 25 na 300, kwa hiyo inafunika MHz 35 za Uingereza na Ulaya na MHz 72 za Marekani, ambako mitambo ya zamani bado inarushwa. Namba 31 inashuka hadi MHz 1, na ukiipata kwa bei ileile usiikatae. Namba 61 ni ya MHz 200 hadi 1000. Inunue kama unatumia mfumo wa kurusha mbali wa MHz 433, 868 au 915, vinginevyo haikuhusu. Namba 75 ni ya masafa ya chini. Iache.

Wenye GHz 2.4 wasidanganyike: hakuna pete kati ya hizi inayozuia mawimbi ya juu kiasi hicho. Faida yao iko kwenye kelele ya ESC (kidhibiti cha kasi ya mota) na BEC (kifaa kinacholisha umeme risiva na sevo) inayopita kwenye nyaya za sevo, yaani mota ndogo zinazosogeza usukani wa ndege, na kuvuruga ishara, au kuchora mistari kwenye picha ya kamera ya analogia. Antena ya risiva (kipokezi cha redio ndani ya ndege) iliyolala juu ya kaboni au kubanwa na betri haitibiwi na pete. Isogeze.

1. Pete ya milimita 21, mchanganyiko 43

Hii ndiyo ya kununua, na kwa ndege nyingi huna haja ya kusoma zaidi. Huuzwa kwa jina la FT82-43. Kwa kampuni ya Fair-Rite ya Marekani ni 5943000601, ambapo tarakimu ya 3 na ya 4 ndizo zinazotaja mchanganyiko. Kipenyo cha nje ni milimita 21, tundu milimita 13, uzito gramu 6 hivi.

Sababu ya kuiweka juu ni tundu lake. Plagi ya sevo ina upana wa karibu milimita 8, kwa hiyo inapita na kurudi mara nne au tano bila kung'oa pini. Na mizunguko ndiyo nguvu yenyewe: uzuiaji hupanda kwa mraba wa idadi yake, hivyo waya uliopita mara tatu unazuia karibu mara tisa kuliko uliopita mara moja. Usiende hadi kumi, kwani nyaya zilizorundikana huanza kupitishiana kelele zenyewe kwa zenyewe.

Kila mzunguko unakula sentimita 2.5 hivi za waya. Ukiagiza nyaya za kuongezea urefu, chukua zenye sentimita 15 za ziada.

2. Pete ya milimita 12.7, mchanganyiko 43

FT50-43, au 5943000301. Gramu 2 tu, na kwa ndege ya povu isiyofika nusu kilo hiyo ndiyo hoja yake kuu. Tatizo ni tundu la milimita 7: plagi haipiti. Itabidi uinue kidogo vile vilimi vya plastiki kwa ncha ya sindano, uvute pini tatu, upitishe waya mara tatu, kisha urudishe pini. Piga picha ya mpangilio wa rangi kabla ya kuanza. Ukibadilisha waya wa ishara na wa chanya, sevo haitafanya kazi, na inaweza kuungua.

3. Feraiti ya kubana, yenye ganda la plastiki

Mfano ni ZCAT za TDK, au za Fair-Rite zinazoanza na 0443 au 0431. Huhitaji kugusa plagi: unafungua, unalaza waya, unabana. Lakini waya hupita mara moja, mbili ukibahatika, na uzito ni mkubwa kwa kazi ndogo inayofanyika. Nusu zake mbili lazima zikutane barabara. Chembe ya mchanga katikati inapunguza nguvu sana, na mtikisiko wa injini hufungua kilango. Inafaa kwa kupima kama tatizo ni kelele ya waya kabla hujaagiza pete halisi.

4. Ile ya kwenye waya wa VGA

Mafundi wa kompyuta wanazo nyaya za skrini zilizokufa, na lile donge la mwishoni ni feraiti. Pasua plastiki kwa kisu utoe bomba. Bure au karibu na bure, ila mchanganyiko haujulikani na uzito huzidi gramu 15 kwa urahisi. Kwenye ndege ya mita mbili, sawa.

5. Seti za rangi rangi zisizo na namba: usinunue

Pete ya njano yenye upande mweupe, au ya kijani yenye upande wa bluu, mara nyingi ni unga wa chuma uliotoka kwenye pawa saplai. Haikutengenezwa kwa kazi hii. Ukiwa nayo tayari, au ukishuku "43" uliyouziwa, zungusha waya mwembamba mara 20 kwenye pete ya milimita 21 na uiweke kwenye kipimo cha LCR, kinachosoma induktansi kwa milihenri (mH). Ya 43 halisi inasoma karibu mH 0.19. Unga wa chuma unatoa mH 0.02 hivi. Ikivuka mH 1, ni feraiti ya masafa ya chini. Namba 61 nayo inasoma chini, karibu mH 0.03, kwa hiyo kipimo hiki kinathibitisha 43 peke yake.

Ngapi, na wapi

Ndege yenye sevo mbili za mbawa na mota ya umeme inataka tatu: moja kwa kila waya wa sevo unaozidi nusu mita, na moja kwenye waya wa ESC unaoingia risiva. Za sevo ziweke karibu na risiva, ya ESC karibu na ESC. Nyaya zote tatu za plagi moja zipite pamoja kwenye pete yake. Ukipitisha waya wa chanya peke yake, mkondo utaijaza pete sumaku na itaacha kuzuia. Usiiweke kwenye waya mmoja wa mota kwa sababu hiyohiyo.

Waya unaoingia na unaotoka uwe pande mbili tofauti za pete. Kingo za pete isiyopakwa rangi hula ngozi ya waya, kwa hiyo ifunge utepe kwanza, kisha uibane kwenye povu. Ikining'inia itapasuka siku ya kwanza ya kutua vibaya.

Kabla ya kulaumu kelele

Risiva inayozima na kuwaka sevo zote zikifanya kazi pamoja ina njaa ya volti: BEC imezidiwa, na pete haiongezi ampea.

Kipimo cha mwisho kinafanyika chini. Weka transmita kwenye hali ya kupima umbali, au ukunje antena ya zamani, mwenzako aishike ndege kwa nyuma ya propela. Pima umbali mota ikiwa imezimwa, kisha ikiwa kwenye nguvu zote. Umbali ukipungua sana mota ikizunguka, ongeza mzunguko mmoja kwenye pete ya ESC na upime tena kabla ya kuigusa ya sevo.