Kioo cha kujitazama: kipi ununue, na kwa nini usilipie urefu usiokuonyesha

Kioo changu cha kwanza cha ukutani kilikuwa cha futi 6, kimesimama toka sakafuni. Nililipa dukani, nikamlipa na mwenye guta, ambaye alinilaumu kwenye kila tuta. Kesho yake asubuhi, nikiwa nafunga vifungo vya shati, ndipo nikashtuka: chini ya usawa wa mapaja, kioo kile hakikuwa na mimi ndani yake. Kilionyesha zulia, na kandambili nilizoziacha mbele yangu. Sentimita 80 za kioo nimenunua ili nitazame zulia!

Sababu ni ileile tuliyosoma shuleni tukaisahau. Mwanga ukigonga kioo bapa huruka kwa pembe ileile uliyojia. Mwanga unaotoka kwenye kidole chako cha mguu kwenda jichoni hugonga kioo nusu ya njia, kati ya usawa wa kidole na usawa wa jicho. Kwa hiyo mtu wa sentimita 170, ambaye macho yake yako kwenye 160, anahitaji kioo kinachoanzia sentimita 80 toka sakafuni na kuishia 165. Jumla 85, nusu ya kimo chake. Usogee, urudi nyuma hadi mlangoni, hesabu ni hiyohiyo, mradi kioo kimesimama wima.

Kwa nyumba yenye watu wa vimo tofauti, pima mrefu kwa juu na mfupi kwa chini. Baba wa sentimita 180 na mtoto wa 110 wanatoshana na kioo cha sentimita 125, kikianzia 50 toka chini. Pesa inayobaki iweke kwenye unene.

Na unene hupimwa kwa kalamu. Gusisha ncha kwenye kioo, kisha tazama kwa mshazari pengo lililopo kati ya ncha na taswira yake. Kinachorudisha mwanga si kioo chenyewe, ni utando wa madini uliopakwa nyuma yake, kwa hiyo pengo likiwa kubwa, kioo ni kinene. Kisha simama mbali kidogo, tafuta taswira ya fremu ya mlango au mistari ya vigae, uyumbishe kichwa taratibu. Mistari ikicheza kama maji, rudisha. Mwisho kigeuze: rangi ya mgongoni ikiwa imekwaruzwa, unyevu utapita hapohapo na madoa meusi yatafuata. Sisi wa pwani tunayajua madoa hayo.

Ninavyovipanga mimi:

Cha kwanza, bila ubishi, ni kioo cha mm 5 unachokatiwa na fundi vioo kwa kipimo chako, kingo zimesagwa. Uliza kama utando wa nyuma ni wa fedha au wa aluminiamu. Fedha hurudisha takriban asilimia 95 ya mwanga tunaouona, aluminiamu takriban 90. Kwa chumbani tofauti hiyo ni ndogo. Mimi nisingegombana na fundi kwa sababu yake.

Cha pili ni kile cha tayari chenye fremu. Ni rahisi kubeba, ila vingi ni vyembamba, na fremu ikipinda kioo nacho kinapinda. Kikibinuka nje kidogo kwa upana, kinakukondesha. Ukijipenda ghafla dukani, jaribu na kioo cha pili kabla hujalipa.

Cha tatu ni chenye taa za LED pembeni. Kioo hakina mwanga wake, kinarudisha tu kinachopewa, na taa hizi zinaupeleka mwanga usoni, mahali panapotakiwa. Lakini unaweza kupata jambo hilohilo kwa balbu mbili za kawaida, moja kila upande wa kioo cha fundi. Taa ikiwa nyuma yako, uso unabaki kivuli hata kioo kiwe cha bei gani.

Cha nne ni kile kidogo cha duara cha kukuza, kilichobonyea ndani, kizuri kwa ndevu na nyusi. Uso ukiwa karibu unaonekana mkubwa. Ukirudi nyuma sana unajiona miguu juu. Cha kukuza mara 3 kinatosha, kwa sababu cha mara 10 kinakutaka uweke pua karibu na kioo. Usikiache dirishani: kinakusanya jua mahali pamoja na kinaweza kuunguza pazia.

Cha mwisho ni cha plastiki cha kubandika. Hakivunjiki ovyo, ndiyo sifa yake, na kwa chumba cha watoto nakikubali. Ila kinafuata kila kibonde cha ukuta, na kinachubuka hata kwa kitambaa kikavu.

Kabla hujatundika, jua uzito. Kioo cha mm 5 chenye sentimita 125 kwa 40 ni zaidi ya kilo 6, kwa hiyo misumari miwili ya kubahatisha haitoshi; toboa ukuta, weka plagi na skrubu. Fundi akitaka kukigandisha, nusa silikoni yake kwanza. Inayonuka siki hula utando wa nyuma, na kosa hilo utalionea mbele.