Fungu la Nakupenda, ule mchanga wa katikati ya bahari karibu na Mji Mkongwe, Zanzibar: tua ya kampuni (safari ya kupangwa) au ukodi boti mwenyewe Forodhani?

Hili swali haliishi. Mkiwa wawili watatu tua ya pamoja ni nafuu kwa kichwa, na msosi umo humo, wanakuchomea samaki na pweza hapo hapo mchangani chini ya turubai. Ila ratiba si yako, wakisema twende mnaenda hata kama ndo kwanza umelowa. Boti ya kukodi unalipia chombo kizima, kwa hiyo mkiwa sita saba inawarudia, mnapatana na nahodha mnapitia kisiwa cha Changuu kuwaona wale kobe wakubwa wa asili ya Shelisheli.

Kasheshe ni maji. Lile fungu maji yakijaa linamezwa, si utani, sisi tulikodi kwa kuangalia bei tu, tukafika tukakuta mchanga wa kutandika khanga mbili, nusu saa maji yashafika vifundoni. Tua nzuri hupanga saa kwa kufuata maji, ukikodi ulizia mwenyewe kupwa ni saa ngapi, na majaketi ya kuokolea uyaone kwa macho kabla hujalipa.

Una watoto au mgeni wa mara ya kwanza, mi ningechukua tua. Mko genge la washkaji na maji mnayajua, kodini.