Kompresa ya karakana: soma kibati cha mota kabla hujatoa hela

Mota ya kompresa yangu iliungua, nikaenda kutafuta nyingine ya hospawa 3 kama ile ya mwanzo, nikapewa, shafti saizi ileile, pulei ya zamani (gurudumu linalozungusha mkanda) ikaingia bila hata kugongwa nyundo, nikajiona mjanja kweli. Kuwasha tu mtungi ukajaa chapuchapu kuliko siku zote. Nikafurahi! Presha ikifika bar 6 hivi breka ya umeme inakata. Nawasha, inakata. Nikaweka breka kubwa zaidi (usije ukafanya huo ujinga), na wiki haikuisha bomba la kutoka kwenye pampu kwenda mtungini likawa la moto mpaka tone la maji likidondokea linaruka, halafu oili ikaanza kutoka na upepo, nikaiona imetapakaa kama vijicho vya samaki kwenye mlango niliokuwa napiga rangi.

Kosa lilikuwa limeandikwa kwenye kibati cha mota, kile kipande cha bati chenye maelezo yake, muda wote. Ya zamani ilikuwa mizunguko 1440 kwa dakika, mpya 2850. Hospawa sawa, spidi mara mbili. Kwenye umeme wa hezi 50 ndizo spidi mbili utakazokutana nazo sana, na kwa hezi 60 ni kama 1725 na 3450.

Hesabu yenyewe ni ya rula tu: spidi ya mota zidisha kwa kipenyo cha pulei yake, gawanya kwa kipenyo cha pulei kubwa ya pampu. Yangu ya mota ni milimita 170, ya pampu 300. Kwa 1440 pampu inazunguka 816, safi kabisa, maana kibati cha pampu kinasema isizidi 950. Kwa 2850 inazunguka 1615! Na pampu ikizunguka mara mbili inadai nguvu kama mara mbili, sasa mota ya hospawa 3 inavuta mzigo wa 6, breka ifanyeje? Nilitakiwa kuweka pulei ya milimita 85 tu, ingerudi 807, yakaisha.

Na usikimbilie kuipunguza sana pia. Pampu nyingi hizi hazina pampu ya oili ndani, kuna kijiko tu chini ya pistoni kinachorusha oili, ikienda polepole mno kijiko hakirushi vya kutosha, na ile pulei kubwa ndiyo feni yake, mapanga yake ndiyo yanaipoza. Angalia na mshale wa upande wa kuzunguka, ukigeuza feni inapuliza kinyume.

Ukinunua kompresa nzima, ukubwa wa mtungi, magurudumu, rangi, hayo utayaona mwenyewe. Mimi nazipanga hivi, kuanzia iliyo bora.

Ya kwanza ni pampu ya chuma cha kusubu inayokandamiza upepo mara mbili, silinda kubwa kisha ndogo, mkanda, mota ya spidi ya chini. Hapa sifichi, mimi ni mtu wa Ingersoll Rand. Pampu yao ya 2475 wanaiuza na mota ya hospawa 5 na ya 7.5, pampu ni ileile, tofauti ni mota na spidi inayozungushiwa, na ya 7.5 inatoa futi za ujazo 24 kwa dakika kwenye presha ya psi 175. Yaani mtengenezaji mwenyewe anakuonyesha kwamba pampu haina hospawa yake, ina spidi yake. Bei inauma, najua.

Ya pili, silinda mbili zilizokaa umbo la V, inakandamiza mara moja, mkanda pia. Kwa kupiga rangi na kufungua nati inatosha, ikiwa na mota ya 1440. Ya 2850 nayo sio dhambi mradi pulei yake iwe ndogo, ila pulei ndogo mkanda unaishika eneo dogo, unateleza na kulia asubuhi mashine ikiwa baridi, basi ukaze vizuri.

Ya tatu ni zile ndogo ambazo mota imeungwa moja kwa moja na pampu. Hakuna pulei, hakuna cha kurekebisha, zinapiga kelele. Kujaza upepo tairi, sawa.

Sasa wauzaji. Wanakuandikia lita 300 kwa dakika, ukipima silinda mbili za kipenyo cha 65 na mwendo wa pistoni wa 50 kwa spidi ya 900 unapata kweli kama 299, lakini hiyo ni nafasi ya silinda, upepo unaotoka ni mdogo kuliko hapo, na hawakwambii. Mwingine anabandika "hospawa 5" kwenye mashine ya plagi ya ampea 13, wakati ampea 13 kwa volti 230 ni wati 2990, kama hospawa 4 tu hapo, haifiki 5. Na kava ya mkanda hawataki kukufungulia uone pulei, eti garantii inaharibika.

Nilirudi na kibati changu nikamuonyesha aliyeniuzia. Akaniambia, "Dada, mota ni mota tu, zote zinazunguka." Pulei ya 85 nayo hakuwa nayo.